Barua ya maombi ya udaktari si yangu, na kiwanja cha bibi kinataka kuuzwa

Bi Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 19, mkaazi wa Likoni. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na tangu hapo mamangu hutulea kwa kupika mahamri na mbaazi za kuuza asubuhi karibu na kivuko. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata B+ ya pointi 72: Kiswahili A, Elimu ya Dini ya Kiislamu A, Biolojia A-, Kemia B+, Kiingereza B+, Fizikia B na Hisabati B-.

Tangu kidato cha pili nimetaka kusomea udaktari. Nilipotuma maombi kwa KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, nilijaza udaktari mtupu, katika vyuo vikuu vya umma ambavyo kila mtu anavitaka, nami sikupata hata kimoja. Awamu ya pili nilijaza kwa haraka na kwa hasira, nikapangiwa Sayansi ya Chakula katika chuo kilichoko bara, na sikwenda kuripoti.

Sasa kuna chuo kikuu cha kibinafsi kinachopokea maombi moja kwa moja. Wanataka vyeti, barua mbili za wadhamini, maelezo binafsi ya ukurasa mmoja, kisha mahojiano. Binamu yangu, ambaye ni mwepesi wa mambo ya kompyuta, aliniandikia hayo maelezo kwa programu ya akili bandia. Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu, lakini imeandikwa humo kwamba nilijitolea miezi sita katika zahanati moja huko Kwale na kwamba nilianzisha chama cha afya skulini. Sikufanya hata moja kati ya hayo. Nilipomwambia alinijibu kuwa kila mtu hufanya hivyo, na kwamba nikiandika ukweli sitakuwa na la kuandika.

Nami naona ana haki. Tangu nimalize skuli nimekaa nyumbani tu nikimwangalia bibi yangu, mzaa baba, ambaye ana kisukari. Humdunga insulini asubuhi na jioni, humwosha kidonda cha mguu, na kila mwezi huvuka naye feri alfajiri kwenda kliniki kisiwani. Friji hatuna, kwa hivyo insulini tunaiweka ndani ya mtungi. Ramadhani iliyopita alifunga kwa siri ilhali daktari alimkataza. Sukari ikamshuka jioni kabla ya adhana, nikamkuta anatetemeka na jasho linamtiririka. Hayo ni mambo ya nyumbani, si ya kuandika kwenye fomu ya chuo.

Kwa upande mwingine, ami yangu amempata ajenti anayesema atanipatia nafasi ya udaktari nchi za nje na kwamba alama hazina maana, mradi malipo ya kwanza yatolewe kabla ya mwezi kwisha. Ami anataka kiwanja cha bibi kilichoko Mtongwe kiuzwe. Mamangu naye asema ama nirudie KCSE, ama niende KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba. Kila mmoja ananivuta upande wake. Je, barua ya binamu niitume? Na katika njia hizi, nishike ipi?

Binti wa Likoni

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua ya binamu yako usiitume. Nakujibu hilo kwanza kwa sababu ndilo lenye haraka, na kwa sababu naamini kwamba ukilielewa hilo, mengine yote uliyoniuliza yatakuwa mepesi kuyaamua. Nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, na kwa baadhi ya miaka hiyo niliketi katika meza ya mahojiano ya wanafunzi wanaoomba kusomea taaluma za afya. Maelezo kama hayo ya binamu yako nimeyasoma mengi mno, hata kabla hizo programu hazijakuwapo. Yote huanza kwa shauku ya tangu utotoni ya kusaidia watu, yote yana zahanati ya kijijini, na yote yana chama kilichoanzishwa skulini. Msomaji aliyekwisha soma 40 kama hayo kabla ya adhuhuri hawezi kukumbuka hata moja ni la nani. Kisha huja mahojiano, na mtu wa kwanza anakuuliza: hiyo zahanati ya Kwale, mgonjwa gani alikusumbua moyo? Hapo programu haiko, binamu hayuko, na wewe ambaye hujafika zahanati hiyo utalazimika kutunga uongo wa pili ili uushikilie wa kwanza, mbele ya watu ambao kazi yao ni kupima kama unaweza kuaminiwa na mwili wa mtu mwingine.

Lakini lililonishughulisha zaidi katika barua yako ni lile neno lako kwamba huna la kuandika, kisha sentensi chache baadaye unanieleza mambo ambayo watahini wangetamani kuyasikia. Kazi ya udaktari, kwa sehemu yake kubwa, ndiyo hiyo unayoifanya katika chumba cha bibi yako: kumchunguza mtu mmoja kila siku, kuandika unachokiona, kutambua kilichobadilika, na kusikizana naye pale anapokataa unachomwambia. Wako waombaji waliojitolea hospitalini kwa wiki mbili wakapigwa picha na koti jeupe, na bado hawajawahi kuogopa kwa ajili ya mgonjwa. Wewe umeshaogopa.

Sitakuandikia maelezo yako, kwa maana kosa litakuwa lile lile. Nitakuuliza maswali, nawe ukae na daftari uyajibu kwanza kwa Kiswahili, lugha unayoifikiria, ndipo uyapeleke kwenye Kiingereza. Nani alikiona kidonda cha bibi kwa mara ya kwanza, na kilikuwa kimekaa siku ngapi? Kwa nini yeye mwenyewe hakukihisi? Ukilijibu hilo la pili sawasawa, utakuwa umeeleza jinsi kisukari cha muda mrefu kinavyoharibu neva za miguu hata mtu akakanyaga kokoto bila kusikia uchungu, na jinsi mishipa ya damu inavyokuwa myembamba hata kidonda kikachelewa kupona. Na utakuwa umeyaeleza kutokana na mguu unaoujua, si kutokana na kitabu. Ulikosea wapi katika kukitunza, na nani alikusahihisha? Swali hili usilikwepe. Anayekiri kosa lake kwa utulivu na kusema alijifunza nini hunipa matumaini kuliko yule asiyewahi kukosea.

Chukua na ule mtungi. Umeutaja kama alama ya umaskini, kana kwamba unaomba radhi kwa kukosa friji. Mtungi hupoza kwa sababu maji hupenya polepole kwenye udongo, yakafika nje yakawa mvuke, na kila yanapogeuka mvuke huondoka na joto. Hiyo ni Fizikia ile ile uliyopata B. Ni njia inayokubalika mahali pasipo na friji, ila chupa ya insulini ifungwe isiguswe na maji. Hata hivyo hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na unyevu hupunguza kasi ya maji kugeuka mvuke, kwa hivyo mtungi wa Likoni haupozi sawa na wa mahali pakavu. Je, uliwahi kumuuliza muuguzi wa kliniki kuhusu jambo hilo? Kama hukuuliza, muulize mwezi huu, kwanza kwa faida ya bibi yako. Kisha aya moja fupi juu ya mtungi huo, iliyoandikwa na mtu aliyeuliza swali na kupata jibu, itaonyesha akili ya kisayansi kuliko orodha yoyote ya vyama vya skuli.

Na kuhusu Ramadhani, hilo liandae kwa mahojiano zaidi kuliko kwa maandishi. Swali linalopendwa sana mezani ni la mgonjwa mzima, mwenye akili timamu, anayekataa ushauri wa daktari. Wengi hujibu kwa kukariri: nitaheshimu uamuzi wake. Jibu hilo si baya, lakini ni jepesi. Wewe ulikuwa na bibi ambaye kwake kuacha kufunga ni kama kuambiwa amekwisha, naye akaona ni heri afiche. Aliyefundishwa kazi hii hujiuliza kwanza kwa nini mgonjwa alificha. Je, alipokatazwa, kuna aliyeketi naye akamweleza? Angeambiwa mapema, kabla ya mwezi kuandama, kwamba kutoboa kidole kupima sukari kwa kauli ya wanazuoni wengi hakubatilishi saumu, kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 (mmol/L) anapaswa kufungua hapo hapo, na kwamba mgonjwa ameruhusiwa na dini yenyewe, huenda asingekuwa na haja ya siri. Sikwambii ukayaseme haya kama yangu. Kaa nayo, uyapime na yaliyotokea, uone kama unakubaliana nami. Mezani watakubishia, nao hawakubishii kwa ubaya; wanataka kuona kama ukisukumwa unafikiri au unanyamaza.

Watakuuliza pia habari za afya nchini, na hapo vijana wengi wanaojua kila sehemu ya figo hukwama. Ujue kwamba NHIF, bima ya zamani ya afya ya taifa, iliondoka na SHA, mamlaka iliyochukua nafasi yake, ikaanza kazi Oktoba 2024, na uweze kusema mabadiliko hayo yamemgusa vipi mgonjwa kama bibi yako anapofika dirishani. Ujue kwamba madaktari waligoma mwaka 2024 kuanzia Machi hadi Mei, na kwamba miongoni mwa mizozo mikubwa ilikuwa malipo na ajira ya madaktari wanagenzi. Maana nawe, Mungu akijalia, utasoma miaka 6 kisha utumikie mwaka mmoja wa uanagenzi kabla ya kusajiliwa kikamilifu, na ni haki yako kujua unakoingia. Mahojiano yatakuwa kwa Kiingereza. Zungumza Kiingereza kwa sauti kila siku, hata kama ni wewe na ukuta, hadi neno lisikwame kooni.

Wadhamini wasikutie wasiwasi. Mwalimu wako wa Biolojia aliyekufundisha miaka mitatu ana uzito kuliko diwani au mheshimiwa yeyote asiyekujua, na muuguzi wa kliniki anayekuona ukimleta bibi kila mwezi, kama atakubali, ni mdhamini ambaye waombaji wengi hawana. Waendee mapema, uwape nakala ya matokeo yako na tarehe ya mwisho. Na kabla ya yote kagua majina. Huku kwetu mtoto huandikwa jina moja katika cheti cha kuzaliwa, likapunguzwa herufi katika cheti cha KCSE, na kwenye kitambulisho likaja la tatu. Kulirekebisha huchukua wiki au miezi, na nimeona nafasi zikipotea kwa herufi moja.

Sasa alama zako, na hapa nitasema nawe kwa ukweli. Masharti ya masomo unayatimiza: udaktari hutaka angalau B katika Biolojia, Kemia, Fizikia au Hisabati, na Kiingereza au Kiswahili, na Fizikia yako imeifunika Hisabati. Katika masomo hayo manne una pointi 42 kati ya 48, na katika masomo saba una 72 kati ya 84. Uzito wa klasta, yaani alama ambayo KUCCPS huwapanga nayo waombaji wa kozi, hutazama yote mawili, na huo ndio uliokuangusha, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, Moi, Kenyatta na vinginevyo hugombewa na wenye A za moja kwa moja. Kwa hivyo hukukataliwa kwa kuwa hufai. Ulijaza fomu yako kana kwamba mlango ni mmoja. Fomu ile hutaka chaguo la juu, la kati, na la kukimbilia, na lile la kukimbilia liwe kozi ambayo ungeisoma kwa moyo. Waandikie KUCCPS ujue hadhi yako sasa, kwa kuwa aliyepangiwa kozi asiripoti si sawa na yule ambaye hajawahi kupangiwa.

Kurudia KCSE sikushauri, kwa heshima zote kwa mamako. Ili upate gredi ya jumla itakubidi urudie masomo saba, zile A mbili zikiwemo, ukiwa nyumbani na mgonjwa wa kumwangalia. Unaweza kupanda, na unaweza pia kushuka.

Ajenti wa ami yako ananitisha. Sisemi kusoma nje ni kubaya. Wako madaktari wazuri waliosomea nje, na jirani zetu Uganda na Tanzania wana vyuo vya udaktari vyenye sifa ya miaka mingi. Lakini mtu anayesema kwamba alama hazina maana anasema jambo ambalo Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, halisemi. Aliyehitimu nje anaporudi hukaguliwa vyeti vyake na hufanya mtihani wa baraza kabla ya kuruhusiwa kuingia wadini, na kama chuo chake hakitambuliwi, miaka yake na pesa zake zimekwenda. Kabla ya kutoa hata shilingi, pateni jina kamili la chuo, mlipeleke kwa KMPDC wenyewe, mpate jibu kwa maandishi. Ulizeni lugha ya kufundishia, hasa lugha ya wadini, kwa sababu kuna vyuo hufundisha darasani kwa Kiingereza ilhali mgonjwa kitandani haongei neno la Kiingereza. Ulizeni hospitali ya mafunzo ni ipi. Ajenti akikasirika kwa kuulizwa, mmeshapata jibu. Na hiyo tarehe ya mwisho wa mwezi, mwanangu, ameiweka yeye. Ami yako ana nia njema, na ndiyo maana anaharakishwa.

Kiwanja cha bibi kisiuzwe kwa ada ya mwaka mmoja. Kanuni hiyo ishike hata kwa chuo cha kibinafsi hapa nchini: chukua ada ya mwaka, izidishe mara sita, ongeza chumba, chakula na nauli, kisha mkae na mamako na ami yako mwone pesa zitatoka wapi mwaka wa tatu, si mwaka wa kwanza. Uulize mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, unafika wapi kwa chuo hicho, ulize basari za kaunti na za eneo bunge, na ukiuliziwa hali ya nyumbani iandike kama ilivyo, mahamri na yote. Nimewaona wanafunzi wenye akili wakirudi nyumbani mwaka wa tatu kwa sababu ardhi ilikuwa imekwisha.

Njia ya KMTC nimeiacha mwisho, si kwa kuidharau. Diploma ya utabibu wa kliniki ni miaka 3 na mwaka wa uanagenzi, na kampasi mojawapo iko hapa hapa Mombasa, kwa hivyo utalala nyumbani na bibi utaendelea kumwona. Tabibu wa kliniki ndiye mtu wa kwanza ambaye Wakenya wengi hukutana naye wanapougua, na viko vyuo vikuu vinavyowapokea wenye diploma hiyo na alama nzuri kuendelea hadi udaktari, kwa masharti yao. Njia ni ndefu zaidi, na sikufichi hilo. Kwa hali uliyonieleza, mimi ningetuma maombi mawili kwa pamoja: la chuo cha kibinafsi, kwa maelezo yako mwenyewe, na la KMTC. Likikubaliwa la kwanza na hesabu ya miaka sita ikatimia, nenda. Isipotimia, ingia KMTC kwa moyo wote, wala usiingie ukinuna.

Limebaki moja. Utakapomaliza kuandika maelezo yako, usiyatume siku hiyo. Kisukari, kidonda na ile saumu ya siri ni mambo ya bibi yako kabla hayajawa yako. Mketie jioni, umsomee ulichoandika kwa Kiswahili, umwambie watakaokisoma ni akina nani na kwa nini, kisha umuulize kama anaridhia. Akisema jambo fulani lisitajwe, lifute mbele yake.